Jengo Lililoupa Mji Kisogo

9 Februari

Mdogo wangu,

Nimekaa kwenye meza ya mama, na yeye yuko jikoni anaimba kwa sauti ya chini, kwa hiyo ujue afya ipo na hana kinyongo na mtu. Anakusalimu. Anasema mke wako apunguze kukulisha, maana kwenye picha mliyotuma shingo yako imeanza kupotea. Shemeji yako yuko na mikate yake, harufu ya tanuri imemganda hata siku ya mapumziko. Mapacha wetu wamefaulu mtihani, mmoja kwa kusoma na mwingine kwa kukaa karibu na mwenzake.

Simu tunapigiana, najua. Lakini simu mama akiwa pembeni si mazungumzo, ni mkutano wa hadhara. Ndiyo maana nashika kalamu.

Kazini nimepewa jambo kubwa. Unaikumbuka Barabara Pana, ile yenye miti katikati, tuliyokuwa tukipelekwa kuitazama kama vile ni sinema? Sasa kila mwenye kiwanja pembeni mwake anataka kupandisha ghorofa, na hakuna kanuni inayosema ghorofa hizo zikae vipi. Mkuu wa idara amenipa watu watatu tuziandike: jengo lisimame umbali gani kutoka barabarani, lipande hadi wapi, magari yakae wapi, mlango uangalie wapi.

Unanijua. Sikuanza na vitabu, nimeanza na miguu. Kila mchana naitembea. Alasiri watu wote wanahamia upande mmoja, ule wenye kivuli cha majengo. Wanabanana pale, wanakanyagana visigino, na upande wa pili wanabaki njiwa na askari wa trafiki. Jana nilimfuata mama mmoja mwenye mzigo. Alivuka, akarudi, akavuka tena, anakimbizana na kivuli katikati ya magari. Nikarudi ofisini nikaandika kanuni ya kwanza: kila jengo jipya litoe njia ya kupita iliyofunikwa, isiyo na ngazi, na iungane na ya jirani yake.

Wewe siku hizi unachora nini? Muda mrefu hujasema.

Dada yako, anayekuombea shingo.


27 Februari

Dada,

Barua yako imefika na doa la siagi kwenye kona, nikajua shemeji ameisoma kabla yangu. Mpe pole ya moto. Sisi huku baridi imetukalia vibaya. Wifi yako anavaa soksi zangu juu ya soksi zake na bado ananilaumu, kana kwamba hali ya hewa naiagiza mimi. Binti yetu Chiriku ameanza chekechea, na sasa kila alichofundishwa asubuhi anatufundisha sisi jioni, na ukisinzia anakusimamisha pembeni. Mwambie mama shingo ipo, nimeiingiza ndani tu kwa sababu ya baridi.

Sasa hizo kanuni. Nimecheka peke yangu. Wewe ndiye uliyechora mstari wa chaki katikati ya chumba chetu ili viatu vyangu visivuke upande wako. Leo umekabidhiwa jiji zima, na chaki juu! Lakini acha nikuulize kwa upole, mimi mtu wa kuchora. Jengo ni kama mtu. Ukiwaambia watu wote wavae shati moja, lenye kola moja, utapata nini? Gwaride. Akija mwenye kipaji na kitu kizuri ambacho hakimo kwenye kanuni zako, utamfungia mlango?

Yule mama wa kivuli amenikaa kichwani, sijui kwa nini.

Ofisini ni yale yale: kuchora, kufuta, na kumsikiliza mkurugenzi akisema "haraka". Hamna la ajabu.

Ni mimi, ninayetetemeka.


14 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako kuliko kawaida yangu. Mama hajambo. Amegombana na jirani juu ya jogoo anayewika ovyo, wamepatana, na nadhani leo wamegombana tena. Mapacha wanakuuliza kama theluji inaliwa.

Nitasema jambo moja halafu nifunge bahasha.

Mwanzoni mwa mwezi iliingia michoro ya jengo la Bwana Magodoro. Huyu ni mfanyabiashara aliyeanza na kibanda kimoja cha magodoro na sasa ana kiwanda. Ana kiwanja kikubwa kwenye kona ya Barabara Pana. Michoro ilikuwa na mhuri wa ofisi ya wasanifu, jina la mchoraji halikuwepo. Nikapitia ramani haraka, nikafika kwenye ukurasa wenye picha ya jengo kwa mbele. Magari, watu wadogo wadogo wanapita. Na pembeni kabisa, mtu mmoja ameinama anafunga kamba ya kiatu.

Mtu huyo namjua tangu uko darasa la tatu. Ulimchora kwenye madaftari, ulimchora nyuma ya mlango wa choo, ulimchora kwenye plasta ya mkono wangu nilipovunjika, na daktari akauliza ni nani.

Nikafunga ukurasa. Faili nimemkabidhi mwenzangu na sitaligusa tena. Sikuulizi kitu, na wewe usinieleze kitu. Nimetaka tu ujue kwamba nimeona.

Dada yako.


3 Mei

Dada,

Wifi yako na Chiriku wanakusalimu, baridi imepungua, na nimerudishiwa soksi zangu zikiwa na matundu. Umesema nisieleze. Naeleza.

Ni langu. Kuanzia msingi hadi tangi la maji. Mkurugenzi alijua nina dada kwenye halmashauri, akasema tusimtaje mchoraji hadi kibali kitoke. Hiyo ilikuwa sababu yake. Mimi nilikuwa na yangu, na ya kwangu ni ya kitoto zaidi.

Tangu tukiwa wadogo, kila nilichochora ulikisifu. Nikichora ng'ombe mwenye miguu mitano unasema anakimbia vizuri. Nimeshinda tuzo, nimepigwa picha na wakubwa, lakini sijawahi kujua wewe, mtu ninayemwamini macho kuliko wote, unaonaje kazi yangu ikiwa haijui kwamba ina dada. Nikasema safari hii ataiangalia kama mgeni, na atakachosema kitakuwa kweli. Kumbe mfunga kiatu kajichora mwenyewe. Mkono ulishazoea, haukuniuliza.

Sasa umeshaona. Likoje? Usinijibu kama afisa, faili huna tena. Usinijibu kama dada pia. Nijibu tu.


10 Juni

Mdogo wangu,

Kwanza ujue kwamba barua hii nimempa mkuu wa idara aisome kabla ya kuifunga, asije mtu akasema tunanong'onezana. Kwa hiyo msalimie na yeye. Mama hajambo. Yule jogoo ameliwa, na jirani alileta paja moja kama ishara ya amani, mama akalipokea kwa heshima zote.

Umeuliza likoje. Nililiona kwa muda mfupi tu, lakini kuna vitu havihitaji muda mrefu.

Kuanzia orofa ya tatu kwenda juu, hakuna jengo kama hilo hapa mjini. Roshani zinavyopishana, moja ikiifunika nyingine na jua. Madirisha yanavyorudi ndani kama macho chini ya kofia. Kona inavyopinda taratibu kuifuata barabara badala ya kuikata. Nilisahau kupumua. Huyo si dada anayesema. Dada angekusifia na tangi la maji.

Halafu nikashusha macho. Mbele kabisa umeweka maegesho. Nyuma ya maegesho, ukuta wa kioo cheusi. Upande wa mtaa mdogo, ukuta mtupu, mrefu, usio na hata tundu la panya. Na ili magari yapate kuingia, umeikata miti ya katikati ya barabara. Sasa mtu anayetembea anakutana na nini? Jua, moshi, sura yake mwenyewe kwenye kioo, halafu ukuta. Umelichora kwa ajili ya mtu aliye mbali, ndani ya gari. Aliye karibu umempa kisogo. Tena si yeye peke yake, mji mzima.

Uliniuliza habari ya shati na kola. Kanuni zetu hazisemi rangi, hazisemi umbo. Zinashughulika na miguu tu. Jengo lirudi nyuma kidogo, lipunguze kimo pale linapokutana na barabara, lifungue milango na madirisha yake kwa wapita njia, lifiche magari nyuma, limfunike anayepita, na lisiguse miti. Hapo juu vaa unachotaka, hata kofia ya manyoya. Mwenye kipaji simfungii mlango. Namwomba tu aje na mlango.

Na huyo mfunga kiatu wako, umemwinamisha juani miaka yote hii.

Mimi nimehamia chumba kingine ofisini, cha nyuma, karibu na makabati ya ramani za zamani. Dirisha ni dogo lakini kuna utulivu. Nasoma sana.

Dada yako, na mkuu wa idara anasema paja la jogoo limemfurahisha.


2 Agosti

Dada,

Leo salamu zitakuja mwisho.

Mama ameniambia. Nilimpigia kumuuliza habari ya mguu wa jogoo, akaniambia, "Achana na jogoo. Dada yako wamemwondoa kwenye kanuni zake. Gazeti limeandika anapendelea ndugu." Nikamuuliza tangu lini. Tangu Aprili! Na wewe unaniandikia dirisha dogo, utulivu, unasoma sana!

Kwa hiyo siku ile ile ulipomwona mfunga kiatu ulikwenda kwa mkuu wako ukasema mwenyewe, "Huyu ni ndugu yangu." Hakuna aliyekuuliza. Ungekaa kimya, nani angejua? Halafu maneno yakavuja, diwani mmoja akasimama akadai kanuni zinaandikwa kunifaa mimi. Kunifaa mimi! Kanuni ambazo zinalikataa jengo langu kuanzia mlangoni! Upendeleo wa namna hiyo adui ndiye angenipa.

Nilikasirika siku nzima, nikakukasirikia wewe kuliko diwani. Wifi yako akanitoa nyumbani, akasema niende nikakasirike kwa miguu. Nikatembea mchana, kama unavyofanya wewe. Nikafika kwenye jengo langu la kwanza, lile la tuzo. Nikasimama ng'ambo, nikaangalia chini badala ya juu.

Dada, hakuna mtu anayesimama mbele yake. Wanalipita haraka haraka kama mtu anayepita karibu na mbwa. Jirani yake kuna jengo kuukuu, rangi imebanduka, lakini lina kibaraza, na pale alikuwepo muuza magazeti, fundi wa miavuli, na wasichana wawili wanachekea simu. Nikakaa pale kibarazani hadi fundi akaniuliza mwavuli wangu uko wapi.

Ninachora upya. Ofisi imenipa nafasi. Usiniulize zaidi ya hapo.

Salamu kwa wote, hata kwa mkuu wa idara. Yule diwani mruke.


21 Septemba

Mdogo wangu mpenzi,

Kaa kitako, hii ni ndefu. Mwambie wifi akuletee chai, na Chiriku mpeni kitu cha kutafuna ili anyamaze kidogo. Huku sote wazima. Mama amevaa kilemba kipya tangu jana na hakivui, utajua kwa nini.

Jana ulikuwa mkutano wa wananchi juu ya kanuni za Barabara Pana. Ukumbi ulijaa, watu wamekaa hadi madirishani. Mimi nilikaa nyuma na mama, kwa kuwa sikuwa na kazi mbele. Mwenzangu alizieleza kanuni vizuri, kila moja na picha yake. Halafu Bwana Magodoro akasimama. Ni mtu mfupi, sauti kama tarumbeta.

"Nieleweshwe," akasema. "Ardhi ni yangu. Nimeinunua. Sasa mnataka niwatolee watu njia ndani ya ardhi yangu, niwafunike na paa langu, wapite bure?"

Ukumbi ukacheka, na wengine wakapiga makofi. Ndipo akasimama mgeni mwenye miwani na koti la kijivu, akasema yeye ni mkurugenzi wa ofisi iliyochora jengo. Wako, ndiyo. Mimi nilikuwa simjui kwa sura. Mama akaninong'oneza, "Huyo ndiye wa haraka haraka?"

Akasema hivi, na nakuandikia kama nilivyosikia: "Kabla sijamjibu mteja wangu, nina la kusema kuhusu afisa aliyeandikwa gazetini. Kanuni hizi zilipotukwaza, mimi nilimwita mchoraji wangu. Nikamwambia, mwandikie dada yako barua moja tu, ya heshima, atulegezee kwenye maegesho. Mnajua alinijibu nini? 'Bosi, nikimwandikia hivyo hatanijibu, na nitakuwa nimempoteza dada kwa ajili ya maegesho.' Nikamwambia basi nitampa kazi mtu mwingine. Akasema sawa, lakini kwanza nimwache alichore upya kwa kufuata kanuni, kwa muda wake mwenyewe, na kama silipendi nimfukuze. Sasa nauliza, kati ya watu hawa wawili, nani alimpendelea nani?"

Mama akanishika mkono akaufinya hadi pete ikaniuma. "Ofisi imenipa nafasi," uliniandikia. Nafasi gani hiyo, mdogo wangu? Ulikuwa umesimama kwenye ukingo na hukusema.

Halafu wakaiweka michoro mipya ukutani.

Sijui nikuandikieje. Jengo limeshuka mabega pale linapokutana na barabara. Chini yote ni nguzo na milango, na njia pana inapita ndani yake kama mto, inapinda na kona, inaingia mtaa mdogo ambako palikuwa na ule ukuta. Maduka yanaangalia njia. Magari yamezungukia nyuma, hayaonekani. Miti yote iko pale pale. Na zile roshani zako za juu hazikupoteza hata moja, ila sasa zinaonekana zimesimama juu ya kitu, zamani zilikuwa zimening'inia. Mzee mmoja mbele yangu akamuuliza mwenzake, "Hili si lile la kwanza?" Mwenzake akamjibu, "Ni lile lile, limepata adabu."

Bwana Magodoro akaenda mbele, akavaa miwani, akaiangalia njia ile muda mrefu.

"Mvua ikinyesha, watu wataingia hapa?" akauliza.

"Wataingia," mkurugenzi akasema.

"Wasimame hadi ikatike?"

"Wasimame."

"Na duka langu la magodoro liko wapi?"

Mkurugenzi akaweka kidole. Lilikuwa pale pale, katikati ya njia.

Bwana Magodoro akageukia ukumbi na tarumbeta lake: "Basi waacheni waje! Mtu aliyechoka kusimama ndiye mteja wangu!"

Tulicheka hadi machozi. Madiwani walipopiga kura, mikono iliyopinga ilikuwa michache, na ule wa yule diwani wako haukuwemo. Aliangalia viatu vyake, halafu akaunyanyua pamoja na wengi. Leo asubuhi mkuu wa idara amenirudisha kwenye chumba changu. Amebeba kiti changu mwenyewe.

Wewe uliwahi kusema unaniamini macho. Basi pokea: ni kazi nzuri kuliko zote nilizopata kuziona, na nimeziona nyingi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Sijakuambia hivi kwa kuwa ni ndugu. Nimelia kwa kuwa ni ndugu, hilo ni jambo jingine.

Dada yako.


12 Oktoba

Dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, sikusubiri chai. Wifi yako ameisoma kwa sauti, Chiriku akairudia yote kwa majirani, kwa hiyo hapa mtaani wewe ni maarufu kuliko mimi.

Usimsikilize sana mkurugenzi, anapenda kunogesha. Ilikuwa kikao cha kawaida.

Lakini kuna kitu nataka kukisema bila mzaha, na kwangu hiyo ni kazi ngumu. Nilikuandikia kwamba kanuni zako ni shati moja kwa watu wote. Nilipoanza kuchora upya nilikuwa nimekunja uso. Nikaweka ile njia kwa sababu umetaka. Nikaondoa maegesho kwa sababu umetaka. Siku moja nikagundua sijakunja uso tena. Jengo lilikuwa limeanza kunijibu. Nimefundishwa chuoni jinsi ya kumfanya mtu anyanyue macho. Wewe umenifundisha kwamba kabla hajanyanyua macho, lazima awe na mahali pa kusimama. Hilo sikulipata kwenye kitabu chochote, nimelipata kwako wewe na chaki yako.

Sasa hivi nipo kwenye kazi nyingine, zahanati ndogo ya mjini kwetu huku. Ina kibaraza pande zote.

Mbusu mama kwenye kilemba.


6 Aprili

Mdogo wangu,

Mwaka na nusu umepita tangu mkutano ule, na barua zetu zote za katikati zimekuwa za watoto, meno, na ada za shule. Mama yu mzima, anakwambia Chiriku asipunguze kusema, dunia ina watu wengi wa kunyamaza. Shemeji yako amefungua duka la pili la mikate, na liko wapi, utakisia mwenyewe.

Jengo limekamilika tangu Januari. Nililipita mara nyingi, lakini kwa jicho la ofisi, nikikagua kama njia imeungana na ya jirani, kama kuna aliyeziba na biashara. Kuna jambo sikukuuliza. Kwenye kibao cha mlangoni yameandikwa majina: mwenye jengo, mkandarasi, msanifu. Jina la msanifu si lako. Nilimwandikia mkurugenzi wako, nikidhani ni makosa ya mchonga kibao. Akanijibu kwa mistari miwili. Kwamba siku ile ile ya mkutano uliomba michoro isainiwe na mtu mwingine, ili asipatikane hata mmoja wa kuninyooshea kidole. Na kwamba ulimkataza kuniambia, naye ameona muda wa kukatazwa umekwisha.

Sikukwambia nimejua. Nilitaka kwanza nipate cha kukupa mkononi. Jumanne nimekipata.

Nilitoka kazini kwenda kununua vitasa vya mlango. Nikiwa katikati ya Barabara Pana mbingu zikafunguka, mvua ile isiyo na salamu. Watu wote tukakimbilia mahali pamoja. Ile njia yako ilijaa pomoni. Madereva wa pikipiki, makarani na mafaili yao chini ya mashati, mama na mtoto amelala mgongoni, bibi harusi mtarajiwa ameshika gauni lake juu kwa mikono miwili, na mafundi waliotoka kazini wamejaa vumbi la saruji, bega kwa bega na wenye tai. Bwana Magodoro mwenyewe alitoka dukani, akaamuru viti vya maonyesho vitolewe nje wazee wakae, na wawili nadhani aliwauzia pale pale. Karibu yangu msichana alikuwa anapaza sauti kwenye simu: "Usitoke, mimi nipo Kivulini. Kivulini, si unapajua? Wote wanapajua!" Hakuna kibao kinachosema Kivulini. Watu wamepaita hivyo wenyewe.

Pembeni yangu alisimama mama mmoja na trei za mayai kichwani, amezishika kwa mkono mmoja, amenyooka kama mshumaa. Nikamwambia atue.

"Sina haja," akasema. "Mimi hapa napita kila siku. Kutoka sokoni hadi kituoni hakuna ngazi hata moja. Mayai na ngazi havipatani, dada. Zamani nilikuwa navunja kila wiki." Akaligonga lile guzo la karibu kwa kiganja, polepole, kama mtu anayempongeza ng'ombe mzuri. "Aliyechora hapa," akasema, "huyo anatembea kwa miguu."

Nikaangalia kibao pale mlangoni, na lile jina la mtu mwingine. Miaka yote nimekuwa afisa, nimejifunza kutosema. Nikasema.

"Ni mdogo wangu."

Akageuka taratibu, na mayai yake yote, akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni kama anatafuta kufanana kwetu.

"Wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja."

"Yuko wapi?"

"Mbali."

Mvua ilikuwa inapiga barabara hadi maji yanaruka. Mama yule akatazama nje, akatazama watu wote waliojazana mle, wakavu, wanazungumza na wasiowajua.

"Basi mwandikie," akasema. "Mwambie hatujalowa."

Nami ndiyo nakuandikia.

Dada yako.